Acheni Magoti ya Derrick Henry

Nina ugomvi na mashabiki wa Buffalo Bills, na naufungua nikiwa shabiki mwenzao. Kila Bills wanapokaribia kucheza na Baltimore Ravens, mji mzima unageuka benchi la ufundi. Swali ni moja: tumzuieje Derrick Henry? Utalisikia kwa kinyozi, kwenye basi la chuo, kwenye foleni ya kahawa, na majibu yake nimeshayakariri. Jaza watu mbele. Mchoshe. Mpige mapema, ajue amefika ugenini. Halafu linakuja lile la mwisho, linalotolewa kwa sauti ya chini kidogo na kicheko juu yake: mfuateni magoti.

Nadai kwamba swali lenyewe linaulizwa vibaya, na kwamba jibu hilo la mwisho si mbinu ya mpira hata kidogo.

Niwaeleze kwanza wale mliokulia kwenye Simba na Yanga kama mimi. Katika futiboli ya Marekani timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Inaweza kuurusha, au kumkabidhi mtu akimbie nao hadi aangushwe. Huyo ndiye ninayemwita mkimbiaji. Wapo wakimbiaji wanaoponyoka: unadhani umemshika, unabaki na hewa mkononi. Wapo wengine ambao hawaoni sababu ya kukukwepa. Henry ni wa hao. Ana urefu wa karibu mita 1.90 na uzito wa kilo 112 hivi, na akishapiga hatua nne tano, kilo zote hizo zinakuja na kasi ya mtu mwembamba. Mwaka 2020, akiwa Tennessee Titans, alikimbia yadi 2,027 katika msimu mmoja. Waliowahi kuvuka yadi 2,000 kwa msimu katika historia ya ligi ya NFL hawatoshi kujaza kikosi kimoja cha mpira wetu. Wa kwanza wao alikuwa O. J. Simpson, mwaka 1973, akiwa amevaa jezi ya Buffalo. Mji huu unajua fika raha ya kuwa na mtu wa namna hiyo upande wako. Kinachowatesa ni kuwa naye upande wa pili.

Mateso yenyewe yana tarehe: 13 Oktoba 2020. Nilikuwa bado Morogoro wakati huo, na Buffalo kwangu ilikuwa jina tu kwenye ramani, lakini nimeitazama mechi ile kwenye marudio mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye tasnifu ya kuandika. Josh Norman, beki wa Bills, anamwendea Henry. Henry ananyoosha mkono mmoja, anamsukuma, na Norman, mwanamume wa kilo 90 aliyekuwa miongoni mwa mabeki wanaoogopwa wa kizazi chake, anaruka pembeni kama mto wa kochi. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Mwulize shabiki yeyote wa hapa mechi iliishaje, atakujibu kwamba Henry alituua.

Rekodi inasema hivi: Henry alibeba mpira mara 19, akapata yadi 57. Wastani wa yadi 3. Kwa mkimbiaji wa kiwango chake hiyo ni siku mbaya kazini. Alifunga mara mbili, sikatai, lakini ulinzi ulimbana kama mashabiki wanavyotaka abanwe. Na Bills walifungwa 42–16. Walifungwa kwa sababu Josh Allen, kwotabeki wao, yaani mtu wa kurusha mipira na kuendesha mashambulizi, alirusha miwili ikadakwa na wapinzani, huku Ryan Tannehill wa Titans akirusha pasi tatu za tachidauni wakati macho yote yako kwa jitu lililosimama nyuma yake.

Hiyo 57 ikumbukeni. Tarehe 9 Februari 2025, kwenye Super Bowl, Kansas City Chiefs walikuwa na kazi moja ambayo kila mchambuzi aliitaja: mzuieni Saquon Barkley wa Philadelphia Eagles, aliyekuwa ametoka kukimbia yadi 2,005 msimu ule. Wakamzuia. Mara 25 alipewa mpira, yadi 57. Kuna kipindi ubao ulisomeka Eagles 34, Chiefs sifuri, na mechi ikaisha 40–22. Nafikiri makocha wa ulinzi wa Chiefs walilala usiku ule wakijua wametimiza kila walichoombwa.

Sasa geuza upande wa pili. Septemba 2022, Bills waliwakaribisha Titans na Henry akaambulia yadi 25 kwa kubeba mpira mara 13. Je, waligundua dawa? Waliwafunga 41–7. Kufikia robo ya tatu mechi ilikuwa imekwisha, na timu iliyoachwa mbali kiasi hicho haina muda wa kusogea yadi nne nne kupitia katikati ya msitu wa watu. Inalazimika kurusha. Mkimbiaji wa nguvu anakuwa mtu mkubwa aliyesimama bila kazi. Nguvu yake inahitaji mechi iwe sawa, au timu yake iwe inaongoza, ili kila anapokugonga muda nao uende. Ukimnyima hilo umemnyima karibu kila kitu. Mlinzi bora kuliko wote ambaye Buffalo imewahi kuwa naye dhidi ya Derrick Henry ni Josh Allen, ambaye kazi yake haimtaki amkabe mtu yeyote.

Lakini mwambie hivyo mtu wa baa. Atakutazama kama umemwambia dawa ya malaria ni kufyeka nyasi. Yeye anataka watu wanane mbele.

Hii hoja ya watu wanane inastahili jibu la heshima, maana angalau ni ya mpira. Kila upande una watu 11. Kwa kawaida ulinzi huweka sita au saba karibu na mstari wa kuanzia na kuwaacha wengine nyuma kulinda pasi. Ukimwogopa mkimbiaji unavuta wa nane. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani, ulinzi dhidi ya mbio haushindi kwa wingi wa watu, unashinda kwa milango. Kati ya kila wazuiaji wawili wa timu pinzani kuna mwanya, na kila mlinzi amepewa mwanya wake, kama askari wa geti. Wa pembeni kabisa hawatakiwi kuwa mashujaa: kazi yao ni kuhakikisha mkimbiaji hatoki nje, arudi ndani kwenye watu. Mmoja akiacha geti lake akakimbilia kule anakodhani mpira upo, Henry anaona mwanga. Na ukiwa umemleta mtu wa nane mbele, akishavuka mstari ule nyuma hakuna mtu wa kumfikia. Kwa Ravens hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu kwotabeki wao, Lamar Jackson, naye anakimbia. Ukimfuata mmoja, mpira unao mwingine.

Niliiona hiyo kwa macho yangu, mwezi mmoja na ushee baada ya kufika hapa. Tarehe 29 Septemba 2024, mchezo wa kwanza kabisa wa Ravens, mpira wa kwanza kukabidhiwa, Henry alipita kwenye mwanya mmoja na hakuguswa tena kwa yadi 87. Wenyeji wangu walikuwa bado wanagawana kuku. Alimaliza na yadi 199, Ravens wakashinda 35–10. Bills walikuwa wamewakosa Matt Milano na Terrel Bernard, walinzi wawili wa katikati ambao hasa ndio wasomaji wa mageti hayo. Januari, timu hizo zilipokutana tena kwenye mtoano, hapahapa, kwenye baridi ya kukata masikio, wote wawili walikuwa wamerudi. Henry alipata yadi 84 na tachidauni moja, idadi ya kawaida ya mtu mzuri. Bills walikuwa mbele 21–10 kufikia mapumziko, Ravens wakapoteza mpira mara tatu, Bills hawakuupoteza hata mara moja, na ikaisha 27–25. Sikumsikia mtu yeyote mtaani akisema tumeshinda kwa sababu watu walikaa kwenye mageti yao. Walisema tulimpiga.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba hawazungumzii mbinu.

Msikilize shabiki anapoelezea anachotaka. “Mchoshe,” anasema. Ukweli ni kinyume: mkimbiaji wa nguvu ndiye anayechosha. Kufikia robo ya nne, beki aliyekwisha kugongana na kilo 112 mara 15 huanza kuchagua pembe ya kumshika ambayo haitamuuma, na pembe hiyo huwa si sahihi. Kama kuna anayeweza kumchosha Henry, ni waajiri wake. Titans walimpa mpira mara 303 mwaka 2019. Mara 378 mwaka 2020. Mwaka 2021 walikuwa wameshampa mara 219 katika mechi nane tu, na tarehe 31 Oktoba, dhidi ya Indianapolis Colts, mfupa wa mguu ukavunjika. Wiki mbili kabla alikuwa amewakimbia Bills yadi 143 na tachidauni tatu. Alimaliza mechi ile ya Colts akiwa na mguu huo. Jamaa mmoja wa darasa langu, mtu mpole asiyeweza kuua buibui, aliniambia anaikumbuka siku ile kwa sababu nyumbani kwao walishangilia.

Nasoma uzamili wa afya ya jamii, na sitaki kuwahubiria mambo ya goti. Kila aliyecheza mchangani anajua. Kwetu mshambuliaji akisumbua, utasikia kutoka pembeni: mpe kiatu cha mapema! Na mzee fulani aliyekaa kwenye tofali ataongeza: vunja huyo! Huwa tunacheka. Nami nilicheka, nikiwa mtoto, kwa sababu watu wazima walicheka. Sidai kwamba Wamarekani wamebuni ukatili wa jukwaani. Nadai kwamba wao wameuvika lugha ya kitaalamu. Hawasemi vunja. Wanasema mshambulie chini, ondoa msingi, mwenye mwili mkubwa kiasi kile huwezi kumwangusha kwa juu. Inaingia masikioni kama uhandisi.

Ni kweli kwamba mtu mkubwa huangushwa kwa chini. Kocha yeyote wa vijana hufundisha hivyo: zungusha mikono kwenye mapaja, mfunge miguu, subiri wenzako wafike. Kumfunga mtu mapaja na kumrukia goti kwa bega ni vitendo viwili, na anayesema havitofautiani hajawahi kutazama kwa makini, au anajua na anajifanya. Ligi yenyewe inatofautisha. Mwaka 2005 ilipiga marufuku kumshika mtu kwa ukosi wa nyuma na kumvuta chini, kwa sababu miguu ilikuwa inavunjika. Machi 2024 ikapiga marufuku ukabaji mwingine, ule wa kumshika mtu kwa nyuma, kujizungusha na kuangusha nyonga zako juu ya miguu yake. Wamiliki wa timu, ambao hakuna atakayewaita watu laini, waliona tofauti. Shabiki wa Buffalo aliyezima simu yake kwa hasira siku marufuku ile ilipotangazwa hakuiona.

Na ni Buffalo! Hilo ndilo linanikaba koo. Tarehe 2 Januari 2023, huko Cincinnati, Damar Hamlin, beki wa Bills, alimkaba mtu, akasimama, akaanguka chali. Moyo ulikuwa umesimama. Wahudumu walimfufua pale pale kwenye nyasi, wachezaji wenzake wakiwa wamemzunguka kwa magoti, wanalia. Mji huu ulisali. Mfuko wake mdogo wa kununulia watoto vitu vya kuchezea ulipokea mamilioni ya dola kutoka kwa watu wasiomjua. Hamlin alipona na akarudi kucheza, na mpaka leo jezi yake namba 3 utaiona kila mtaa. Mwaka jana, juma la mechi na Ravens, niliketi karibu na mwanamume aliyevaa jezi hiyo akinieleza, kwa mikono, ni upande gani wa goti la Henry unafaa kupigwa. Sikuhitaji kumuuliza kama anaona alichokivaa. Anakiona. Kwake yule mwenye namba 3 ni mtu, na huyu mwenye namba 22 ni treni.

Treni, trekta, lori, mnyama: hayo ndiyo majina. Siyapuuzi, na sidhani ni bahati mbaya kwamba wengi wanaoitwa hivyo ni wanaume weusi na wengi wa wanaowaita hivyo, kwenye baa ninazokaa mimi, si weusi. Mtaniambia wachezaji wenyewe hujiita hivyo. Ni kweli. Marshawn Lynch, aliyeanzia hapahapa Buffalo mwaka 2007 kabla hajapelekwa Seattle, aliligeuza neno la mnyama kuwa jina la biashara na akapata pesa nalo. Mtu akiitwa jina kwa miaka ana haki ya kulitoza kodi. Haimaanishi aliyeanza kumwita alikuwa na nia njema. Na jina linafanya kazi. Goti la trekta halina mishipa.

“Ni maneno tu,” wananijibu. “Hakuna mchezaji anayetusikiliza.”

Basi tuzungumzie maneno. Kati ya 2009 na 2011, New Orleans Saints waliendesha mfuko wa siri wa kuwalipa walinzi wao kwa kuwaumiza wapinzani. Aliyeuongoza alikuwa kocha wa ulinzi, Gregg Williams, ambaye, kwa wasiokumbuka, alikuwa kocha mkuu wa Bills kuanzia 2001 hadi 2003. Januari 2012, usiku wa kuamkia mechi ya mtoano na San Francisco 49ers, alirekodiwa akiwahutubia wachezaji wake. Tatizo lake kubwa lilikuwa lilelile letu: mkimbiaji wa nguvu, Frank Gore. Williams aliwaelekeza walinzi wake kwenye kichwa cha Gore. Alitaja pia goti la mchezaji mwingine, Michael Crabtree, na akataja hata mshipa wake. Kila alichokisema nimeshakisikia baa, kwa maneno yanayofanana mno. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na cheo. Saints walifungwa siku iliyofuata, 36–32. Sakata lilipofumuka, ligi ilimfungia Williams bila kikomo na kumfungia kocha mkuu, Sean Payton, msimu wote wa 2012. Maneno hayo yalitoka kwenye viti, yakapanda ngazi, yakavaa kofia ya kocha. Sidhani yalibadilika njiani.

Wapo wenye hoja bora kuliko hiyo. Wanasema: Henry mwenyewe anaishi kwa kuumiza. Mwulize Norman. Mchezo huu ni watu kugongana, yeye ndiye bingwa wa kugonga, na sasa unataka tumhurumie? Nakubali sehemu yake. Siombi huruma. Henry haihitaji, na mimi si miongoni mwa wanaotaka mchezo huu uwe dansi. Nampenda Henry kwa sababu anagonga. Ninachotaka mtofautishe ni kumgonga mtu ili asimame na kumgonga ili asicheze tena, kwa sababu ukitamani la pili hutaki tena kushinda. Unataka mechi isiwepo.

Buffalo iliwahi kuipata zawadi hiyo, hata kama haikuiomba. Tarehe 13 Januari 1991, Bo Jackson wa Los Angeles Raiders, pengine mchanganyiko wa nguvu na kasi wa kutisha kuliko wote waliowahi kuvaa viatu vya mchezo huu, alikabwa kwa nyuma dhidi ya Cincinnati. Ukabaji wa kawaida, hakuna ubaya ndani yake. Nyonga ikachomoka. Alikuwa na miaka 28 na hakucheza futiboli tena. Wiki moja baadaye Raiders walikuja hapa bila yeye kucheza nusu fainali, na Bills wakawafunga 51–3, wakaenda Super Bowl yao ya kwanza. Ni mojawapo ya siku kuu za mji huu, na wazee hupenda kuisimulia. Nimeisikia mara nyingi. Jina la Bo Jackson sijalisikia ndani yake hata mara moja. Na niseme kwa haki: Bills wale, na Jim Kelly na Thurman Thomas wao, pengine wangeshinda hata angekuwepo. Hilo halitajulikana kamwe, na shabiki wa kweli angepaswa kulisikitikia hilo kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hawa hawawezi kunieleza, na nimewabana. Agosti 2025 mkimbiaji wetu wenyewe, James Cook, aligoma kufanya mazoezi akidai mkataba mpya. Msimu uliopita alikuwa amefunga tachidauni 16 za kukimbia, sawa kabisa na Henry. Mlijua hilo? Idadi ileile. Watu walewale walioapa kwamba Henry hazuiliki, kwamba lazima apigwe goti kwa sababu binadamu wa kawaida hawezi kumsimamisha, walisema Cook asilipwe. Wakimbiaji wapo wengi, walisema. Unaokota mwingine kila mwaka. Wanachakaa. Kwa hiyo mkimbiaji akiwa wa jirani ni janga la taifa, na akiwa wako ni tairi. Timu ilikuwa na akili kuliko mashabiki wake, ikampa miaka minne.

Mawazo hayo ya tairi hayakuanzia Buffalo, ni ya ligi nzima. Mwaka 2023 Barkley, akiwa bado New York Giants, na wenzake wawili wa timu nyingine walibanwa na kifungu kinachoiruhusu timu kumzuia mchezaji asiondoke kwa mwaka mmoja kwa malipo yaliyopangwa. Kwa mkimbiaji ilikuwa dola milioni 10.091. Kwa kwotabeki, kifungu hichohicho, mwaka huohuo, kilizidi milioni 32. Ni pesa nyingi kwako na kwangu, najua. Lakini zinapimwa dhidi ya mwili. Earl Campbell wa Houston Oilers aliongoza ligi kwa yadi za kukimbia misimu yake mitatu ya kwanza, 1978, 1979 na 1980. Mwaka 1980 pekee walimpa mpira mara 373. Hakuwa mtu wa kukwepa. Leo mgongo na magoti yamemwisha, na kwa miaka mingi sasa amekuwa akitegemea kigari cha kukalia. Hakuna mpinzani aliyemzuia Campbell. Alizuiwa na hesabu ya mara alizopewa mpira, na walioupiga makofi mwili ule ukigongwa walikuwa mashabiki wake.

Jikoni kwenye bwalo la chuo, ninapofanya kazi saa chache kwa wiki, tuko Waswahili watatu. Mmoja ni mzee kutoka Uvira, aliyefika hapa baada ya miaka kambini, na ambaye kabla ya kazi hii alikata kuku kiwandani mpaka vidole viwili vikakataa kukunjika. Hafuatilii futiboli. Siku moja runinga ya bwaloni ilikuwa ikimwonyesha Henry akiburuta watu watatu mgongoni, na yeye akasimama na sinia mkononi, akatazama mpaka mwisho.

“Ule mutu mukubwa, banamulipaka muzuri?”

“Vizuri sana, Papa.”

“Na mukongo ikivunjika? Banaendeleaka kumulipa?”

Nikamweleza kwamba inategemea. Kuna sehemu ya mkataba iliyohakikishwa, hiyo analipwa hata akiumia. Iliyobaki timu inaweza kumwachisha na kuikata.

“Ah. Kama ku kiwanda ya kuku,” akasema, akaendelea na sinia zake.

Nimekaa na watu wanaojua majina ya walinzi wa akiba wa timu zote 32, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Kama mnataka kujadili, jadilini. Niulizeni ni nani alikuwa na jukumu la mlango wa kushoto kwenye zile yadi 87. Tubishane kama Bills wakimbie zaidi na Cook ili Henry akae benchi akiangalia saa, kwa maana mpira ulioko mikononi mwenu hauwezi kuwa mikononi mwake. Tubishane kuhusu robo ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo mechi yenyewe dhidi ya Ravens. Hayo ni mabishano ya usiku kucha, na kuku wa kukaanga wa mji huu, sitawadanganya, ni wazuri kwa mabishano.

Tarehe 7 Septemba 2025 Ravens walikuja Orchard Park kufungua msimu. Henry alikimbia yadi 169 na kufunga mara mbili. Katika robo ya nne ubao ulisomeka 40–25 kwa wageni, na watu walianza kuondoka uwanjani wawahi magari yao. Sebuleni tulikobaki, mtu mmoja alikuwa ameshaanza: nimewaambia, miguu, miguu. Bills wakafunga, 40–32. Zikiwa zimebaki dakika tatu hivi Ravens walifanya ambacho timu yoyote yenye akili ingefanya, wakampa Henry mpira aumalize usiku. Ed Oliver akamfikia, mpira ukachomoka mikononi, Bernard akaulalia. Henry aliinuka mzima, akatembea hadi benchi, akakaa. Allen akakimbia akafunga mwenyewe. Kisha Matt Prater, mpigaji wa miaka 41 aliyesajiliwa wiki ileile, akapiga teke la mwisho. 41–40.

Kelele zilipotulia kidogo nilimgeukia yule jamaa wa miguu. Alikuwa amekumbatia mto, machozi yanamtoka, anarudia rudia jina la Oliver. Nikamuuliza Henry amepata yadi ngapi leo. Hakujua.